Deni la Julio Verdugo

Namshukuru Mungu, na baada yake mzee mmoja wa Jalisco, Meksiko, niliyefanya naye kazi, aliyenitendea wema nisioustahili. Nayasema haya kwa ajili ya ndugu yeyote aliye mbali na kwao, anayeogopa tarehe za mwisho wa mwezi.

Nilipofika Los Angeles nilipata kazi ya kusambaza vifurushi kwa gari. Kutwa nilisoma Sepulveda, Pico, La Brea, Verdugo, wala sikujiuliza majina hayo yalitoka wapi. Wameksiko niliofanya nao kazi niliwaona wageni kama mimi, tena wa daraja la chini, maana mimi Kiingereza nilikuwa nacho. Kuna siku nilisema kwa sauti kwamba wameujaza mji. Yule mzee alikuwa karibu. Alinisikia, akaendelea kupanga mizigo.

Wakati huohuo nilikuwa nazama. Nyumbani nilikuwa mtu wa Marekani anayetegemewa kutuma fedha, na ujasiri wa kusema sina haukuwepo. Nikaanza kukopa kwenye maduka ya mikopo ya haraka. California unaandika hundi ya dola 300, unapewa 255, na siku ya mshahara zinakatwa zote 300. Ukibaki mtupu, unarudi kulekule. Chakula cha mchana nikaacha, nikisingizia kwamba nafunga.

Mzee hakudanganyika. Alinigawia tamale zake, nami nikamweleza yote. Hakunihubiria. Aliniuliza tu kama namjua Verdugo, mwenye jina la ile barabara ya Glendale ninayopeleka mizigo.

Nikaenda maktaba. José María Verdugo alikuwa askari wa Hispania. Mwaka 1784 gavana Pedro Fages alimruhusu kulisha ng'ombe kwenye eneo lililokuja kuitwa Rancho San Rafael, ekari zipatazo 36,000, ambako leo kuna Glendale na sehemu ya Burbank. Meksiko ilipojitawala, familia ilibaki na ardhi yake. Ikaja vita kati ya Meksiko na Marekani, na mkataba wa 1848 ukaipa Marekani California. Sheria ya 1851 ikamtaka kila mwenye ardhi iliyotolewa na Hispania au Meksiko aithibitishe mbele ya tume ya ardhi. Ramani nyingi zilikuwa za kuchora kwa mkono, kilima hapa, kijito pale, mti ndio mpaka, na vipimo vilichukuliwa kwa kamba na wapanda farasi. Kwa majirani zilitosha. Mbele ya tume zilihitaji wakili, na wakili hulipwa.

Akina Verdugo walikubaliwa, lakini haikuwaokoa. Mwaka 1861 Julio, mwana wa José María, alikopa dola 3,445 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Ukame uliofuata ukaua ng'ombe wengi kusini mwa California. Ilipofika 1869 deni lilikuwa limevimba hadi dola 58,750, na ardhi ikapigwa mnada. Nilidhani mwandishi wa kitabu ametia chumvi, nikapiga hesabu kwenye simu: riba juu ya riba, miaka minane. Ikaja karibu ileile. Nikapiga na yangu. Riba yangu ilikuwa mbaya kuliko ya Julio.

Siku zote niliamini deni huwamaliza wavivu na wajinga, na kwamba mimi nimeteleza tu. Sasa hapa kuna mtu mwenye ekari zisizoonekana mwisho kwa macho, na deni limemla.

Nikaendelea kusoma, na aibu nyingine ikanipata. Walowezi 44 walioanzisha Los Angeles mwaka 1781 walitoka Meksiko, na zaidi ya nusu yao walikuwa na asili ya Kiafrika. Nao walikuta wenyeji, Watongva, ambao wengi wao hawakuachiwa hata karatasi ya kwenda nayo mbele ya tume. Ni nani basi niliyekuwa nikimwita mgeni?

Nilimwomba mzee radhi. Alicheka, akasema hana undugu na Verdugo, yeye alikuja kwa basi. Kisha akanikopesha fedha za kufunga hesabu za maduka yale, bila riba. Nilitaka tuandikiane, alikataa kalamu.

Kwenye maduka yale sijarudi, ingawa miezi mingine nimepita nje nikivutwa. Nyumbani nilisema ukweli, na mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula. Mzee namlipa kidogo kidogo. Nikimwuliza zimebaki ngapi, ananiuliza mimi.