Mguu wa paka ukivimba, fungeni kabati la dawa

Mzazi, nianze na lile linaloweza kuokoa uhai: usimpe paka Panadol. Si kidonge kizima, si nusu, wala robo iliyosagwa kwenye maziwa. Kazi yangu ni kuandika habari za afya za binadamu, na sikutegemea kwamba siku moja ningeandika hapa kuhusu paka. Lakini wiki nane za kumuuguza paka wa nyumbani kwa dada yangu, ninakoishi, zimenipa mambo ambayo mzazi yeyote anaweza kuyatumia.

Paka huyo anaitwa Chausiku. Ni wa mpwa wangu wa miaka tisa. Aligongwa na bodaboda mbele ya geti, mfupa wa paja la nyuma ukavunjika. Daktari wa mifugo alimfanyia upasuaji na kuweka pini ya chuma ndani ya mfupa. Shemeji aliuliza swali ambalo wengi wenu mngeuliza: gharama yote hii kwa paka? Dada alimjibu kwamba mtoto anatazama tutakachofanya. Mjadala ukaishia hapo.

Siku ya kwanza mguu ulionekana wa kawaida. Siku ya pili asubuhi kifundo na unyayo vilikuwa vimeumuka kama andazi, ingawa mshono ulikuwa juu kabisa, pajani. Mpwa wangu alinijia mbio: “Mamdogo, kumbe amevunjika na huku chini!”

Hakuwa amevunjika. Mfupa unapovunjika na kisha nyama kupasuliwa ili uungwe, mwili hupeleka damu nyingi mahali hapo kwa ajili ya kuponya. Mishipa midogo hulegea na kuvujisha maji katikati ya nyama. Kwa kuwa mgonjwa hautumii mguu ule, misuli haiyasukumi maji kurudi juu, hivyo hutiririka kuelekea chini na kujikusanya kwenye kifundo na vidole. Aghalabu uvimbe huo hukua katika siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua polepole ndani ya wiki moja hivi.

Hata hivyo, ni vigumu kuona mguu umevimba ukakaa bila kufanya kitu. Jirani yetu, mama mwenye nia njema kabisa, alileta nusu kidonge cha Panadol kikiwa kimefungwa kwenye karatasi. “Mpeni, uvimbe utashuka,” alisema. Dada alikishukuru na kukiweka mfukoni, akampigia daktari kwanza.

Jibu la daktari lilitunyamazisha. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama linavyofanya letu. Sumu inayobaki huharibu chembe nyekundu za damu, damu ikashindwa kubeba oksijeni. Fizi hubadilika rangi kuwa kahawia au bluu, paka hupumua kwa shida, na uso pamoja na miguu huvimba. Yaani dawa uliyompa ili uvimbe ushuke inaweza kumletea uvimbe mwingine, na kumuua. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini nazo msimpe kwa kukisia. Zipo dawa za maumivu zinazomfaa paka, lakini kipimo chake ni kidogo sana na hupangwa na daktari kwa kupima uzito wake.

Tulichoelekezwa kufanya kilikuwa rahisi. Siku tatu za mwanzo tulimkanda kwa baridi: barafu ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kipande cha kanga, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Barafu haigusi ngozi moja kwa moja, wala mshono haulowanishwi. Baadaye daktari aliruhusu kitambaa cha uvuguvugu, kile ambacho ukikiweka kwenye kifundo cha mkono wako hakikuunguzi. Akatuonyesha pia namna ya kupapasa mguu taratibu, kuanzia vidoleni kwenda juu, mbali na kidonda. Hilo la kupapasa msilifanye kabla daktari wenu hajaruhusu.

Jambo la pili ni kumzuia kuruka. Chausiku alilala kwenye tenga kubwa la kuku lililosafishwa na kutandikwa shuka kuukuu, huku akiwa na kola ya plastiki shingoni ili asirambe nyuzi. Kuruka juu ya kochi mara moja tu kunaweza kusogeza pini.

Jambo la tatu ni kutazama, na kazi hiyo alipewa mpwa wangu. Kila asubuhi baada ya chai alimpiga picha kwa simu ya mama yake, mahali palepale, miguu yote miwili ya nyuma ikionekana. Kisha aliandika kwenye daftari: amekula? Amekojoa? Mguu ni mkubwa kuliko jana au mdogo? Macho yetu husahau, lakini picha za siku tano zikipangwa pamoja huonyesha wazi uvimbe unaelekea wapi.

Masharti yake yalikuwa mawili. Asiguse mshono, kwa sababu paka mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Na akimaliza, anawe mikono kwa sabuni.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kesho. Ukibonyeza uvimbe polepole kwa kidole na kishimo kikabaki kwa muda, mara nyingi ni maji. Lakini ukiwa wa moto, mwekundu, unatoa usaha au harufu, au unaongezeka baada ya siku ya nne, mrudishe kwa daktari. Kama amefungwa bandeji, tazama kucha mbili za katikati: zikiachana, vidole vinavimba na huenda bandeji inabana. Vidole vikiwa vya baridi au vimebadilika rangi, nenda siku hiyohiyo. Na paka aliyegoma kula kwa siku nzima apelekwe, maana akikaa siku kadhaa bila chakula, hasa akiwa mnene, ini lake linaweza kuharibika.

Mtaona kwamba kipimo hicho cha vidole si cha paka peke yake. Mtoto aliyefungwa plasta baada ya kuvunjika mkono hukaguliwa hivyohivyo: vidole vina joto? Vina rangi yake? Anaweza kuvichezesha? Vikiwa vya baridi, vya bluu au vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, hospitali ni sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Tofauti ni kwamba mtoto wa miaka tisa atakuambia panabana. Paka hasemi. Hujificha uvunguni, hukunja mgongo, huacha kujisafisha, na ni juu yako kutambua.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka kliniki, muulize daktari mambo matatu na uyaandike: uvimbe wa kiasi gani ni wa kawaida, dawa ipi apewe na saa ngapi, na namba ipi ipigwe usiku.

Wiki ya nane eksirei ilionyesha mfupa umeunga. Chausiku anachechemea kidogo asubuhi za baridi, lakini ukuta wa jirani ameshaupanda, na nusu ya samaki wa jirani ameshaiiba.

Daftari limejaa. Majuzi mdogo wake mpwa wangu, mwenye miezi minane, alilia mfululizo. Sisi watu wazima tulikuwa tunabishana kama ni meno au tumbo. Mpwa wangu alimvua soksi, akatazama vidole, kisha akapitisha kidole chake kwenye mstari mwekundu uliozunguka kifundo.

“Mama,” akasema, “lastiki inambana.”