Belti Ambayo Gari Yetu Haina

Wasee, gari ya mama ni Fielder ya 2004, injini ya 1NZ. Majuzi fundi alinipigia hesabu ya karibu 40,000: shoki zote nne, pedi za breki za mbele, belti ya taimingi na rangi ya bampa. Usiku nikaingia mtandaoni. 1NZ haina belti ya taimingi, inatumia cheni! Yaani nilibaki kidogo tu nilipie kitu hakiko kwa gari.

Hapo ndo nilikosea. Kwa hasira nikaona orodha yote ni uongo, nikaendelea kuendesha tu.

Siku ya tatu nikiwa Kangemi nikakanyaga breki, ikalia chuma kwa chuma. Gari ilisimama nyuma tu ya boda iliyobeba mama na mtoto. Mikono ilinitetemeka hadi nikapaki kando.

Fundi wa pili, jamaa wa mtaani anayefanyia kazi chini ya mti, alitoa tairi nikiwa hapo hapo. Pedi zilikuwa zimeisha kabisa, disiki imeanza kuchubuka. Akabonyeza gari kila kona, ikapanda mara moja ikatulia. Shoki, akasema, zitangoja. Nikashuka Kirinyaga Road nikanunua pedi mwenyewe, akazifunga nikiangalia.

Bampa bado iko na mikwaruzo. Mama ameniuliza mbona pesa imetumika na rangi haijapakwa. Nilimwonyesha zile pedi za zamani. Ya boda sijamwambia.