Nani atampokea Baseme?

Tangu mwezi uliopita, kila tunapomaliza mkutano kuna anayenishika mkono na kuniuliza: "Mama, na ile imbwa?" Amepata kwake. Na kwa kuwa wenzetu watatu wa chama wanajiandaa kuhama, mmoja kwenda Kolwezi na wawili Lubumbashi, wameniomba niandike jinsi nilivyofanya, maana nao wana mbwa waliozeeka mikononi mwao na hawajui wawaache kwa nani. Sitawaandikia sheria. Nitawaeleza tu yaliyonipata.

Kwa wasiomjua: Baseme si mbwa niliyemnunua. Miaka nane iliyopita nilimkuta nyuma ya gare ya treni, amelala karibu na reli, mguu wa nyuma umekatwa na waya wa mtego hadi mfupa unaonekana. Mume wangu marehemu, aliyekuwa mtu wa reli na aliyeona mengi kando ya reli, alisema mbwa huyo hatafika asubuhi. Nikamwosha kwa maji ya moto kidogo na chumvi, nikampa bukari laini na mchuzi wa ndakala. Asubuhi alikuwa hai, amekaa mlangoni.

Majirani walisema sana. Mwanamke gani huyu anampa mbwa wa barabarani samaki, na watoto wa watu wana njaa? Ndipo mume wangu alipompa jina Baseme, yaani waache waseme. Mnajua desturi yetu: jina la mbwa ni barua kwa jirani. Mtaani kwetu kuna lupango ambamo mbwa anaitwa Deni, na jioni anapoitwa kwa sauti kubwa, kuna mtu mmoja ng'ambo ya barabara anayeingia haraka ndani ya nyumba.

Wakati ule muganga wa wanyama alimtazama meno, akasema ana miaka miwili ao mitatu. Kwa hiyo leo amepita kumi. Mdomo umekuwa mweupe, macho yana ukungu wa buluu, na asubuhi anasubiri kidogo mpaka mguu ule ukubali kutembea. Kubweka habweki, tangu ujana wake. Mgeni akifika, yeye husimama tu na kuinua masikio. Nilikuja kusikia kwamba katika misitu ya Kongo kuna ukoo wa mbwa wasiobweka kama wenzao, ambao Wazungu waliwapeleka Uingereza na kuwaonyesha katika maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts mwaka 1937. Leo wanafugwa hadi Marekani, na duniani kote wanaitwa basenji. Basenji! Neno letu lile lile la kumdharau mtu wa porini, sasa limeandikwa kwenye vyeti vya mbwa wa matajiri. Sisemi Baseme ni wa ukoo huo. Baba yake hatumjui, na mama yake vilevile.

Ninahama kwa sababu binti yangu amejifungua mapacha kule Lubumbashi, na mume wake anakaa mgodini majuma mawili mawili. Wamepanga vyumba viwili katika lupango ya familia nne, na mwenye nyumba amekataa mbwa, awe mzee awe kijana. Tena kutoka Kamina hadi kule ni karibu kilomita 600 za reli, na ninyi mnaoijua treni yetu mnajua mtu anavyoweza kuondoka na asijue atafika siku gani. Mbwa mwenye mguu kama ule, katika msongamano ule, pamoja na mifuko na mbuzi na watoto? Nililia siku moja, halafu nikaanza kutafuta.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana nisiyemjua, na kamba mkononi. Hakumtazama Baseme usoni. Alimshika mbavu, akauliza: "Mama, iko na kilo ngapi?"

Sikumtukana. Kuna watu wanaokula mbwa, na chakula cha mtu mimi sikicheki. Nilimwambia tu kwamba huyu ana jina. Akajibu kwa adabu kabisa: "Lakini mama, weye unaenda. Nani atajua?" Nikamwambia: "Miye nitajua." Akaenda zake na kamba yake.

Neno lile lilinikaa kichwani usiku mzima, kwa sababu alisema kweli. Ukishapanda treni, hakuna wa kukuambia mbwa wako alimalizikia wapi. Kesho yake nikaacha kusema kwamba ninamtoa bure. Wala sikuweka bei, kwa sababu makuta hayamchujui mtu. Mwenye kutaka nyama naye ana makuta. Niliomba kitu kingine: anayemtaka aje nyumbani mara tatu, siku tatu tofauti, akae naye, ampe chakula kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye haraka hawezi sharti hilo. Wawili niliokuwa na shaka nao hawakurudi mara ya pili.

Mwenye depo ya bia alirudi. Alitaka zamu wa usiku na alikuwa na mnyororo mpya wa kumfungia. Nilimwambia wazi: habweki, haoni vizuri, mbio hana tena. Akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa mama, itafukuza mwizi na nini? Na heshima?" Tukaachana vizuri. Yeye sasa anatafuta mtoto wa mbwa, kama watu wote. Sijui kwa nini kila mtu anataka mtoto wa mbwa. Atatafuna viatu vya masomo vya watoto wako, atalia usiku kucha, na mwaka mzima hujui atakuwa mbwa wa tabia gani. Mbwa mzee amekwisha kukuonyesha yote aliyo nayo.

Kisha ikaja familia moja ya watu wazuri, na hapa ndipo palipokuwa pagumu. Watoto watano, baba mpole, mama ninayemjua tangu zamani. Walitimiza siku zote tatu. Siku ya tatu, mtoto wao mdogo wa miaka miwili alimpanda Baseme mgongoni na kuukalia ule mguu. Baseme akaunguruma. Hakuuma, hakuonyesha hata meno. Ila mimi namjua miaka nane, na sauti ile nilikuwa nimeisikia mara moja tu. Mbwa anapounguruma anakupa habari, na mtu hapaswi kumpiga kwa sababu hiyo, maana akijifunza kunyamaza, siku nyingine atauma bila kukuambia kwanza. Zaidi ya hayo, wakati wa kulima familia nzima inaondoka alfajiri kwenda shambani na kurudi jioni, na nani angemchunga mtoto na mbwa kwa pamoja? Nikasema hapana. Mama yule hajafurahi hadi leo. Ananisalimu kwa kichwa tu. Nimevumilia.

Kwa kuwa nimetaja watoto, niseme jambo linalohusu kila nyumba. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu. Shirika la Afya Duniani, lile tunaloliita OMS, linasema karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo, 99 kwa 100, waliupata kwa mbwa, na kati ya watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu kila mara ni kifo. Kabla ya dalili kuna nafasi. Jeraha lioshwe palepale kwa sabuni na maji mengi ya kumiminika, dakika 15 mkitazama saa, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano za chanjo. Msipoteze muda kwa jiwe jeusi, wala majani, wala mafuta.

Ndiyo maana Baseme ana karte yake ya chanjo, na kila mwaka imeandikwa. Ukimtoa mbwa bila karte, unampa mwenzako mashaka. Na dawa yenyewe inataka ubaridi, kati ya digrii 2 na 8, na umeme wetu mnaujua. Kwa hiyo mimi humuuliza muganga kabla hajachoma: frigo yako inawaka na nini, na jana usiku iliwaka? Mara ya kwanza alikasirika. Sasa ananionyesha mwenyewe kabla sijauliza.

Aliyempokea hatimaye hakuwa amemwomba. Ni nkambo anayeuza makala kando ya barabara yetu; wengi wenu mnanunua kwake. Masikio yake yamekufa karibu yote. Wanunuzi humwita wakachoka, na wezi wadogo wamekwisha kujua kwamba akigeuka kukoroga chungu, mtu anaweza kubeba ndoo nzima ya makala bila yeye kushtuka. Nilikwenda kununua makala, Baseme nyuma yangu kama kawaida. Nikiwa ninahesabu makuta, Baseme akasimama, masikio juu, akatazama nyuma ya nkambo. Nkambo akamwona mbwa, akageuka, akamkuta mtoto mmoja ameshika mfuko.

Alimfukuza yule mtoto, akarudi, akamtazama Baseme kwa muda mrefu. Halafu akasema kwa ile sauti yake kubwa: "Miye siko na lazima ya imbwa. Itakula nini hapa?"

Nilimwelezea kwa mikono: bukari kidogo, vichwa vya ndakala, vilowe vizuri kwa sababu meno yamekwisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, huvunjika kama sindano tumboni. Akasema ataona. Kesho yake nilipopita bila mbwa, akaniuliza: "Na mwenzako?"

Siku tatu zangu zikawa majuma mawili. Kila asubuhi tulikwenda, mimi nikakaa kidogo, kisha nikaanza kuondoka na kumwacha hadi jioni. Chakula nilikiacha kwa nkambo ampe yeye, si mimi. Nilipeleka gunia lake la kulalia bila kulifua, wanangu walinicheka, lakini harufu ile ndiyo nyumba yake. Nilipeleka na sahani yake ya zamani yenye tundu. Usiku wa kwanza alilala pale vizuri. Usiku wa tatu akarudi kwangu, akivuka barabara gizani na mguu ule, nikamsikia akikwaruza mlango.

Huu ndio usiku ninaotaka wale watatu waujue mapema. Unataka kumfungulia, umpe chakula, umwambie pole. Nilimfungulia, ndiyo, maana nje kuna magari na kuna kamba za watu. Lakini sikumpa chakula. Nilichukua taa, nikavaa kitambaa, tukarudi pamoja usiku huo huo, nkambo akaamka, akampa kipande cha bukari baridi, akamfungia mlango. Mimi nikarudi peke yangu. Nilisikia barabara nzima jinsi ilivyo kimya usiku. Alirudi mara moja nyingine, mchana, akakuta nimefunga. Tangu hapo hajarudi.

Sasa nikienda kununua makala, anakuja kunisalimu, ananusa mikono yangu, halafu anarudi kulala kati ya mifuko. Mara ya kwanza hilo liliniuma kuliko ule usiku wa taa. Nkambo hamwiti Baseme. Anasema hana majirani wa kuwaambia kitu, na hata wakisema yeye hasikii. Anamwita Mugeni, na mbwa amekubali. Habweki, lakini kwa mtu asiyesikia kubweka kungemfaa nini? Anasimama, nkambo anageuka. Wale wezi wadogo wamehamia kwa mwingine.

Ninapanda treni mwisho wa mwezi huu, Mungu akipenda. Karte yake ya chanjo iko kwa nkambo, ndani ya sanduku la bati, pamoja na karte yake ya uchaguzi. Sindano ijayo ni mwezi wa kenda, na makuta yake nimeyaacha kwa mweka hazina wa chama. Nkambo hasomi, na hatasikia mkimwita kutoka barabarani. Anayekaa karibu naye aingie ndani, asimame mbele yake, amwonyeshe karte.