Raia Wawili, Anwani Moja

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu ya kupakua. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyojinyang'anya uraia mimi mwenyewe, kwa skripti niliyoiandika kwa mikono yangu.

Uraia huo si wa Kenya, msishtuke. Ni wa kanda moja ndani ya NationStates, mchezo wa siasa wa mtandaoni. Mchezo huu ulianzishwa Novemba 2002 na Max Barry, mwandishi wa riwaya wa Australia, kwa nia ya kuitangaza riwaya yake Jennifer Government. Upo hadi leo. Unafungua nchi yako bure, unaipa jina, bendera na kaulimbiu, kisha unaletewa masuala ya kuamua: upandishe kodi au uipunguze, uyaache magazeti yaseme au uyafunge mdomo. Nchi yako inabadilika kufuatana na uamuzi wako. Ni maandishi matupu, hakuna magari wala milipuko, na hiyo ndiyo sababu iliyonivuta nikiwa chuoni na bando za shilingi ishirini.

Lakini watu wanaokaa humo miaka mingi hawakai kwa ajili ya masuala. Wanakaa kwa ajili ya kanda.

Kila nchi imo ndani ya kanda fulani. Unaruhusiwa kuwa na nchi hata mia moja, ila ni moja tu inayoweza kujiunga na World Assembly, baraza la dunia la mchezo. (Zamani baraza hilo liliitwa Umoja wa Mataifa, mpaka ule Umoja wa Mataifa wa kweli ukalalamika mwaka 2008 na jina likabadilishwa. Nacheka kila nikikumbuka.) Nchi zilizo barazani zinaweza kuungana mkono ndani ya kanda yao, na yule anayeungwa mkono na wengi kuliko wote ndiye mjumbe wa kanda. Akipiga kura barazani, kura yake huongezewa idadi ya waliomuunga mkono. Tena katika kanda nyingi ana uwezo wa kufukuza nchi nyingine.

Hapo ndipo penye utamu na hatari pia. Mchezo huhesabu upya mara mbili kwa siku. Kwa saa zetu ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, au saa moja Wamarekani wakishasogeza saa zao. Kundi la wavamizi likihamia kwenu dakika chache kabla ya hesabu, wote wakamuunga mkono mtu wao, mnaamka mna mjumbe msiyemjua, naye anaanza kuwatupa nje mmoja mmoja. Mwaka 2003 kanda ya The Pacific, mojawapo ya kanda wanakozaliwa wachezaji wapya, ilitwaliwa na nchi iliyoitwa Francos Spain, na wapinzani wakatimuliwa. Wakongwe wanalizungumzia tukio hilo kama vile walimwaga damu.

Kwa hiyo kanda nyingi zilijitungia sheria zao. Msomaji, zingatia hili: mchezo wenyewe haujui kitu kinachoitwa raia. Unajua tu kama nchi ipo hapa au haipo. Uraia ni jambo walilolibuni wachezaji wenyewe, na wanalilinda kama mali ya urithi.

Kwetu (kanda sitaitaja, bado naipenda) mwombaji alijaza fomu: jina la nchi, jina la nchi yake iliyo barazani, majina yote aliyowahi kutumia popote mchezoni, kisha kiapo. Msajili alihakikisha nchi ipo na imo kandani. Msimamizi wa mitambo aliangalia anwani ya IP, asije mtu mmoja akajiandikisha mara nne. Afisa wa usalama alikuwa na siku tatu za kuweka pingamizi. Ukipita hapo, wewe ni raia. Uchaguzi ukitangazwa, sajili inafungwa, na wanaopiga kura ni wale tu waliokuwamo siku ya kufungwa. Kura ni ya siri, na wagombea unawaorodhesha kuanzia umpendaye zaidi.

Kuukosa uraia ni rahisi kuliko kuupata. Nchi isipofunguliwa na mwenyewe kwa siku 28 inakufa, au siku 60 kama ameaga kwamba yuko likizoni. Nchi ikifa, uraia nao umekwenda.

Mwaka 2018, nikiwa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta, msajili wetu alikuwa anafanya ukaguzi huu wote kwa mkono. Anafungua nchi moja moja, anaandika kwenye jedwali. Nikajitolea. NationStates ina API nzuri sana kwa anayejifunza: unaomba habari za nchi, unajibiwa kwa XML, mradi ujitambulishe wewe ni nani na usizidishe maombi 50 kwa kila sekunde 30. Kwa wikendi mbili nikawa na skripti ya Python inayopitia sajili nzima na kusema nani amekufa, nani amehama, nani ametoka barazani. Nilisifiwa mpaka nikavimba kichwa.

Kichwa kikiwa kimevimba hivyo, nikaongeza sehemu ya anwani za IP. Sheria yangu ilikuwa fupi: akaunti mbili zikionekana kwenye anwani moja ndani ya saa 24, ni mtu mmoja. Zuia zote mbili, tuma barua. Niliijaribu kwa kumbukumbu za nyuma za raia wote, tisini na kidogo. Ilikamata jozi tatu, na zote tatu zilikuwa za wadanganyifu tuliokwisha kuwajua. Hakuna asiye na kosa aliyeguswa. Nikaiwasha, nikaenda kulala.

Karibu wote waliokuwamo walikuwa Wamarekani na Wazungu wenye intaneti ya nyumbani, kila nyumba na anwani yake. Mkenya alikuwa mmoja tu katika sajili nzima, ambaye ni mimi. Jaribio langu lilifaulu kwa sababu sikuwa na wa kufanana naye.

Na si kwamba sikujua. Nilishayaandika kwenye karatasi ya mtihani! Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, hazitoshi, kwa hiyo kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mwezi Aprili 2012 kulitengwa hata fungu maalum la anwani za ndani kwa kazi hiyo, 100.64.0.0/10. Ni kama sanduku la posta la shule ya msingi enzi za wazazi wetu. Kijiji kizima kilipokea barua kwa namba ile moja, na posta haikuwahi kufikiri kwamba kijiji kile ni mtu mmoja.

Basi siku tano kabla ya kura kufungwa, kijana mmoja akaomba uraia. Alijaza fomu yote vizuri. Usiku huo skripti yangu ikafanya kazi yake, na asubuhi nikakuta barua, yenye maneno niliyoyatunga mwenyewe: akaunti yako imezuiwa kwa sababu inaendeshwa na mtu mwenye akaunti nyingine. Akaunti nyingine ilikuwa ya huyo kijana. Kura yangu ikasimamishwa. Kibaya zaidi, nilikuwa mtu wa mitambo, kwa hiyo minong'ono ikaanza kwamba ninajitengenezea wapiga kura.

Ujumbe wake ulinifikia kabla sijamaliza chai. Alikuwa ameangalia bendera ya nchi yangu, akaona ngao na mikuki, akaniandikia kwa Kiswahili: "Ndugu, samahani. Mimi si wewe."

Alikuwa Garissa, mimi Nairobi. Laini zetu za simu zilikuwa za kampuni moja.

Tukaandikiana siku nzima. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliniambia hana kitambulisho, anakisubiri mwaka wa pili sasa. Wengi wenu mnajua habari hii: kwa miaka mingi Wakenya Wasomali, Wanubi na wengineo walipofika miaka 18 walipitishwa kwanza mbele ya kamati za kuwakagua, walete hati za wazazi, za babu, wazee waulizwe kama wanawajua. Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa ukaguzi huo Februari 2025, lakini mwaka 2018 ndio uliokuwapo. Na bila kitambulisho au pasipoti husajiliwi kupiga kura.

"Hapa nyumbani naambiwa nithibitishe mimi ni Mkenya," aliandika. "Nikasema nitafute nchi rahisi kidogo. Kumbe huku mimi hata si mtu. Mimi ni wewe."

Nilikaa na ujumbe ule muda mrefu. Kamati aliyoizoea angalau ilikuwa na nyuso, kuna mzee wa kubembeleza, kuna karani wa kurudi kwake Jumatatu. Mimi nilikuwa nimemwekea mlango usio na mtu nyuma yake. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa jinsi ya kukata rufaa, maana sikufikiri kwamba atakuwapo wa kukata.

Sasa, watu wawili wanathibitishaje kuwa ni wawili? Jaribuni kufikiri. Kuingia wakati mmoja hakusaidii, mtu mmoja anafungua madirisha mawili. Kutuma picha za hati kulikatazwa na katiba ya kanda, na ninaikubali sheria hiyo. Tena yeye hati hana. Mwishowe afisa wa usalama, Mwingereza kwa lafudhi, akakubali tuzungumze wote watatu kwa sauti.

Intaneti ilikuwa inakatikakatika. Afisa akatuomba tuongee lugha yetu.

"Haya, sema kitu," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote, ndugu. Anataka kusikia tu."

"Basi nitasema nirudishie uraia wangu. Si ni wewe uliyeuchukua?"

"Si mimi, ni skripti—"

"Skripti imeandikwa na nani?"

"Mimi, lakini ngoja nikueleze—"

"Nieleze."

Nikaanza kueleza habari za sanduku la posta, akanikata, nikamkata, tukawa tunasema pamoja. Afisa akacheka. Alisema hajui neno hata moja, lakini hajawahi kusikia mtu akijigombeza namna ile. Ni wawili.

Vizuizi vikaondolewa usiku huohuo. Kura yangu, niliyoipiga mapema, ikarudishwa kwenye hesabu. Yeye hakupiga. Sajili ilikuwa imefungwa siku ambayo jina lake bado liko kizuizini, na sheria haikuwa na kipengele cha aliyezuiwa kwa makosa. Nilipendekeza afanyiwe nafasi. Nikajibiwa kwamba sajili ikishafungwa imefungwa, na kwamba mimi, kati ya watu wote, nisiwe wa kuomba ifunguliwe. Walikuwa na haki kunijibu hivyo. Bado inaniuma.

Niliibadilisha skripti. Anwani zikifanana haizuii tena. Inamwita mtu aangalie, na barua inasema ni nani amwandikie mwombaji asiporidhika. Msidhani mambo yakawa shwari. Mwaka uliofuata mchezaji mmoja akapita na sura nne, akapiga kura zote nne, tukamgundua baada ya mjumbe kuapishwa. Wapo walionirushia maneno kwamba sheria yangu ya zamani ingemnasa. Ni kweli, ingemnasa. Uchaguzi ulirudiwa, na mshindi alikuwa yuleyule.

Kijana wangu wa Garissa alipata kitambulisho mwaka 2021. Alinitumia picha, namba imefunikwa na kidole gumba.

Mimi nilipata kazi, harusi ya dada ikaja, miradi ikarundikana, na mwezi uliopita nchi yangu ikatimiza siku 28 bila kufunguliwa. Ikafa. Skripti yangu ikaniondoa kwenye sajili usiku uleule, sawasawa kabisa, bila hitilafu. Nimeifufua nchi na kujaza fomu upya. Msajili wa sasa ni yeye. Ameirudisha fomu yangu mara moja kwa sababu sehemu ya majina niliyowahi kutumia niliiacha wazi, nikidhani ananijua.

"Jaza zote, ndugu," ameandika. "Kisha subiri siku tatu."

Leo ni siku ya pili.