Usikate Kitunguu Katika Kivuli Chako

Kama unaishi katika nyumba ya kukodi hapa mjini, hebu fanya jambo moja leo jioni. Ingia jikoni, washa taa, usimame pale unapokatia mboga, kisha utazame ubao wako. Aghalabu utaona kivuli cha kichwa na mabega yako kimelala juu ya vitunguu, na kisu kinacheza humo humo.

Sababu yake si ngumu. Wajenzi wengi wa nyumba zetu huweka balbu moja tu, katikati ya dari. Sinki, meko na meza ya kukatia huwekwa ukutani. Basi kila unapofanya kazi, taa umeipa mgongo. Hata ukinunua balbu yenye nguvu mara mbili, kivuli kitabaki palepale. Kitakachong'aa zaidi ni sakafu na kisogo chako!

Jambo hili lilinishughulisha mama mkwe wangu, aliye na umri wa miaka 68, alipokuja kukaa nasi kwa muda. Yeye hawezi kuketi bure, kwa hivyo kila jioni alichukua uteo akachagua mchele. Siku ya tatu watoto wakaanza kutafuna vijiwe na kuchekana mezani. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba nyanya amezeeka. Yeye akasikia. Kesho yake hakuugusa uteo, na alipoulizwa alisema mikono inamuuma.

Nilimwomba anichagulie maharagwe saa nne asubuhi, dirishani. Hakuacha hata kijiwe kimoja. Mikono haikuwa na neno! Wataalamu wa macho wanaeleza kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi moja tu ya mwangaza unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Jikoni panapomtosha mwanafunzi kukaanga yai huwa giza kwa nyanya yake.

Dawa ni kuleta taa mbele yako, karibu na kazi. Ukipunguza kwa nusu umbali baina ya balbu ndogo na meza, mwangaza unaofika pale huongezeka mara nne, wala hulipi senti zaidi ya stima. Sisi tuliweka taa ndefu ya LED, ya futi mbili, chini ya kabati la ukutani, upande wa mbele wa kabati ili mwangaza umwagike juu ya ubao. Kama huna kabati, iweke ukutani juu kidogo ya kichwa chako, ikiwa na kifuniko cheupe ili isikuchome macho. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta anaweza kutumia ile inayobandikwa kwa gundi na kuchomekwa kwenye soketi. Waya usipite juu ya meko wala karibu na sinki. Kazi ya kuunganisha nyaya za ukutani mwachie fundi wa stima aliyehitimu; usimwite kijana wa jirani kwa sababu tu ana bisibisi.

Ile ya darini usiitoe. Ndiyo inayokuonyesha njia na yaliyomo kabatini.

Dukani, usiulize wati peke yake. Wati ni stima inayoliwa. Mwangaza hupimwa kwa lumeni, na huandikwa kwenye pakiti. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60. Ukiwasha kwa saa tano kila siku, ile ya zamani hula yuniti 9 kwa mwezi, nayo ya LED yuniti moja na kidogo. Anayenunua tokeni anajua maana ya hesabu hiyo. Mwambie muuzaji aijaribu mbele yako, na ukumbuke kama nyumbani ni ya pini au ya kuzungusha.

Kuna pia rangi ya mwangaza. Zile zilizoandikwa 6500K ni nyeupe ya kibuluu, na mimi binafsi sizipendi. Chakula huonekana kama kimekufa baridi. 4000K yanifaa kwa kazi, na 3000K ni nzuri mahali pa kulia. Tazama pia alama ya CRI au Ra. Ikiwa 80 ni sawa, 90 ni bora, hasa unapotaka kujua kama nyama ya kuku imeiva kando ya mfupa au bado ina wekundu.

Kuta nazo ni sehemu ya taa. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwangaza, ilhali masizi na rangi nzito huumeza. Katika majengo ambayo dirisha la jikoni hutazama ukuta wa jirani, kopo moja la rangi nyeupe laweza kukusaidia hata mchana.

Neno moja la hatari: ukinusa gesi usiku, usiguse swichi yoyote, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, utoke na watoto.

Tena, mafuta ya kukaangia hupanda na kuganda kwenye kifuniko cha taa, yakaifanya hafifu polepole bila wewe kutambua. Izime, ingoje ipoe, uipanguse kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, kisha uikaushe kabla ya kuiwasha. Sisi hufanya hivyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi.