Aliyekufa Kila Jumapili

Katika picha za kauboi tulizoziona Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, stelingi hafi. Hiyo ilikuwa sheria, na aliyebisha alizomewa. Waliokufa ni wengine: yule aliyepigwa risasi juu ya paa la baa akavunja uzio wa mbao na kudondoka hadi chini, yule aliyeburutwa na farasi mguu ukiwa umenasa kwenye kikuku, yule aliyerushwa nje kupitia dirisha la vioo. Tuliwaita maadui, na tuliwapigia kelele wafe upesi. Nataka kuwaandika hao, kwa sababu naamini wao ndio walioifanya kazi ambayo sisi tulilipia kiingilio kuitazama.

Tulikuwa watoto wa Kariakoo na Gerezani. Sinema zilikuwa mjini: Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo, New Chox. Jumapili mchana tulikwenda kwa miguu, wenye hela na wasio na hela pamoja, tukisimama mbele ya mabango kuyatazama kana kwamba ndiyo picha yenyewe. Mwenye hela akaingia, asiye na hela akabaki nje na karanga zake akingoja wenzake watoke wamsimulie. Kusimulia picha kulikuwa kipaji kinachoheshimika mtaani. Msimuliaji hodari aliupiga muziki kwa mdomo, akapanda farasi asiyekuwepo, akatoa bastola ya vidole, na ukifika wakati wa adui kuanguka akaanguka kweli, tena barazani mwa watu.

Alikuwepo mwenzetu mmoja, mtoto wa fundi cherehani, ambaye kila tulipocheza kauboi alikataa ustelingi. Alitaka kufa. Alipanda ukuta uliokuwa karibu na rundo la mchanga wa ujenzi, akangoja risasi zetu za mdomo, akashika kifua, akayumba kwanza (hakuanguka kamwe bila kuyumba), kisha akajigeuza hewani na kutua kwa bega. Hakuna aliyemfundisha. Aligundua mwenyewe kwamba ukinyoosha mikono kuizuia ardhi utavunjika, na kwamba bega na mgongo ndivyo vya kupokea uzito. Mama yake alimchapa kwa mashati aliyoyachana, na kesho yake alirudi ukutani.

Mzee mmoja wa jirani alikuwa akiendesha mashine katika sinema mojawapo. Mikanda iliyotufikia ilikuwa imezunguka sana, ikikatika mara kwa mara katikati ya onyesho, nasi tukipiga miluzi gizani. Yeye alikata pale palipoharibika kwa wembe, akaunga kwa gundi, akaendelea. Vipande alivyovikata alitugawia. Nilipata kimoja chenye urefu wa kiganja, nikakiinua juani. Picha ndogo zilipangana moja chini ya nyingine, za mtu anayetoka kwenye tandiko la farasi. Katika ya kwanza mkono bado umeshika hatamu. Katika ya mwisho miguu imekuwa juu, kichwa chini, na kofia inaelea peke yake. Uso ulionekana sawasawa, na haukuwa uso wa stelingi, ingawa nguo ni zake. Nikamwambia mzee kwamba huyu siye.

"Ndiye anayeanguka, mwanangu," akasema. "Stelingi amekaa kivulini anakunywa maji. Akivunjika mguu picha itasimama. Huyu akivunjika, wataita mwingine."

Kuanzia hapo nikawa natazama waangukaji. Wakati ule zilijaa picha za Waitaliano, zilizopigwa katika jangwa la Tabernas huko Almería, Hispania, nasi tukiamini ndiyo Marekani yenyewe. Humo sura zilijirudia: mtu aliyeuawa Jumapili hii alikuja kuuawa tena mwezi ujao, akiwa na ndevu. Miaka mingi baadaye nilikuja kulijua jina la mmoja wao, Benito Stefanelli. Yumo katika picha zote tatu za Sergio Leone ziitwazo za dola, za 1964, 1965 na 1966, kila mara katika sehemu ndogo, na yeye huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa kupanga mapigano na maanguko.

Lakini mkubwa wao alikuwa Mmarekani, naye ni Yakima Canutt. Alizaliwa 1895 katika jimbo la Washington, mtoto wa shamba, jina lake halisi Enos Edward. Kabla ya sinema alikuwa bingwa wa rodeo, yaani michezo ya kauboi ya kupanda farasi wakali, akishinda mashindano makubwa ya Pendleton zaidi ya mara moja. Enzi za picha bubu aliwahi kuwa stelingi. Sinema zilipoanza kusema, sauti yake haikufaa, kwa kuwa ilikuwa imeharibiwa na mafua makali alipokuwa katika jeshi la majini. Basi akaingia upande wa wanaoanguka. Miaka ya 1930 alifanya kazi na John Wayne katika picha za bei rahisi zilizomalizwa kwa siku chache. Canutt alicheza jambazi mwenye maneno mawili matatu, kisha akavaa kofia ya Wayne na kufanya yale ambayo Wayne asingeweza, hata ziko picha ambamo anajikimbiza mwenyewe. Wawili hao husifiwa kwa kubuni ngumi za sinema: konde linapita mbele ya kidevu bila kugusa, kamera imewekwa nyuma ya bega, na anayepigwa anarusha kichwa kwa wakati wake. Wayne mwenyewe alisema kwamba mwendo wake na usemaji wake alijifunza kwa kumtazama Canutt. Ule mwendo wa bega moja mbele tuliouiga mitaa ya Kariakoo, basi, ulikuwa wa mtu ambaye bango halikumtaja.

Mwaka 1939 John Ford alitoa Stagecoach. Gari la farasi sita linakimbizwa na Waapache katika nyika tupu. Canutt, amevaa kama Mwapache, analisogelea mbio na kuruka kutoka kwenye farasi wake hadi kwa farasi wa mbele wanaolivuta. Anapigwa risasi, anaanguka katikati yao, ananing'inia kwenye mti wa gari huku mgongo ukisuguliwa na ardhi. Anapigwa tena. Anaachia. Kwato zinampita kushoto na kulia, kisha magurudumu, naye amelala amenyooka, maana angekunja goti lingesagwa. Nimeitazama sehemu hiyo nikiwa mtoto na nikiwa mtu mzima, na bado moyo hunienda mbio. Hakuna kilichodanganywa pale isipokuwa risasi.

Lipo jambo lazima lisemwe hapa. Waangushaji wa zamani walitumia waya uliofungwa miguuni mwa farasi ili aanguke akiwa mbioni, na Canutt pia aliutumia. Farasi wengi waliumia. Mwaka huohuo wa 1939, katika picha ya Jesse James, farasi mmoja alitumbukizwa kutoka jabalini akafa, na watu wakachukia hata shirika la kutetea wanyama likaanza kusimamia upigaji picha Hollywood. Walifanya vyema kuchukia. Farasi hakusaini mkataba.

Kwa wanadamu wenzake Canutt alijali zaidi. Alitengeneza kikuku kilicho wazi upande mmoja, ili mguu uchomoke mtu anapojitupa na asiburutwe. Alipozeeka asiweze tena kuruka, akawa mpangaji wa michezo ya hatari. Mbio za magari ya farasi katika Ben-Hur, 1959, ni kazi yake na Andrew Marton, na kijana aliyerushwa mbele ya gari akarudi juu yake ni mwanawe, Joe. Mwaka 1967 akapewa Oscar ya heshima kwa ufundi wake na kwa vifaa alivyobuni vya kuwalinda wenzake.

Nasi kwetu John Wayne alifika. Picha ya Hatari!, iliyotoka 1962, ilipigwa Tanganyika, pande za Arusha na Momella, na vifaru wanaoligonga gari mle ni vifaru wa porini kweli. Watu wazima walilizungumza hilo kwa fahari, nami sijawahi kusikia mtu akiuliza nani mwingine alikuwa ndani ya gari.

Canutt alikufa 1986, akiwa na miaka 90. Ilipofika 2025 tu ndipo wakuu wa Oscar walipotangaza kwamba michezo ya hatari itakuwa na tuzo yake ya kila mwaka, kuanzia na picha zitakazotoka 2027. Wamechelewa mno. Nawe msomaji, ukibahatika kuiona Stagecoach pamoja na watoto, wasubirishe hadi mbio zile za nyikani, kisha uwaambie jina la anayepita chini ya farasi sita, kwa sababu kwenye orodha ya waigizaji hawatalikuta.