Khabari Isiyo na Mwenyewe



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kumwona mwalimu wa Majengo, Songea, akiandika juu ya mji wa Lindi. Songea ni bara, tena bara ya milimani, na bahari wengi wetu tunaisikia tu. Walakini mengi tuliyo nayo hapa Majengo, kuanzia kanzu na maulidi mpaka desturi ya kukaa barazani baada ya Isha, yametufikia kwa njia ya pwani ya kusini. Mimi mwenyewe nilipelekwa Lindi ningali mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikasome chuoni, na hivi sasa binti yangu ameolewa huko. Basi kila mwaka, Mwenyezi Mungu akijaalia, huteremka mara moja nikakaa wiki mbili au tatu.

Lindi ni mji mdogo. Nyuma kuna kilima, mbele kuna ghuba ambamo mto Lukuledi unamwaga maji yake, na ng'ambo ya pili kuna Kitunda ambako watu huvuka kwa chombo asubuhi na jioni. Zamani ulikuwa ndio makao makuu ya Jimbo la Kusini, mpaka mwaka 1952 makao yalipohamishiwa Mtwara. Tangu hapo mji umetulia, na mtu akipita na kapu la samaki, nusu ya mtaa hujua ni samaki gani na kanunua kwa nani. Katika mji wa namna hii khabari ndiyo chakula cha jioni.

Nakumbuka baraza tuliyokuwa tukikaa pembeni sisi watoto wa chuo, tukingoja wakubwa wamalize kahawa ili tupewe kashata zilizobaki. Wazee walicheza bao, muuza kahawa akazunguka na dele lake na vikombe vikigongana mkononi, na khabari zikaja moja moja: jahazi limechelewa, fulani kaposa, bei ya dagaa imepanda, mgonjwa wa mtaa wa pili amezidiwa. Lakini hapana khabari iliyopokelewa hivi hivi. Alikuwapo mzee mmoja, fundi wa kushona kofia, ambaye hakuinua hata macho yake kwenye uzi. Mtu akisema, "Nasikia kadha wa kadha," yeye huuliza, "Kakwambia nani?" Akitajwa mtu, huuliza, "Na yeye alikuwapo?" Ikiwa msemaji hana jibu, mzee husema, "Basi hiyo haina mwenyewe, iache nje na viatu." Watu hucheka, na bao likaendelea.

Nilipokua nikasoma kidogo elimu ya Hadithi ndipo nilipotambua kuwa yule fundi, ambaye hakuwa mwanachuoni, alikuwa akifanya kazi ya wanachuoni. Maana elimu ya isnadi yote ni swali hilo hilo: nani kapokea kwa nani, na mpokezi huyo ni mtu wa namna gani? Na katika Suratul Hujurat tumeamrishwa tuchunguze khabari ya mtu asiyeaminika, kwa sababu watakaodhurika ni watu. Angalieni, ndugu zangu, hatari iliyotajwa hapo haikomi kwa msemaji, bali inamfikia jirani asiye na hatia.

Sitaki mdhani kwamba watu wa zamani hawakudanganyika. Mji huo huo wa Lindi una kisa kilichoingia katika vitabu vya historia. Mwaka 1908 ulitokea huko waraka wa Kiarabu, ukasemwa kuwa umetoka Makka. Ndani yake mlikuwa na habari kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), ameota ndoto, na katika ndoto hiyo ameambiwa kuwa madhambi ya umma yamezidi na Kiyama kimekaribia, basi watu watubu na waueneze waraka. Ulinakiliwa, ukapita mkono kwa mkono, ukaenea miji mingine ya pwani na hata bara. Wajerumani waliokuwa wakitawala wakaingiwa na hofu kubwa. Waliuita Waraka wa Makka, ingawa kaburi la Mtume liko Madina kama ajuavyo kila mtoto wa chuo.

Hofu yao ilikuwa na sababu. Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905 huko Umatumbi, vilikuwa vimezimwa juzi juzi tu mwaka 1907, na khabari ya maji ilikuwa imesafiri kwa kunong'onwa, kijiji kwa kijiji, mpaka ikafika huku kwetu Ungoni. Sisi wa Songea tunajua mwisho wake: tarehe 27 Februari 1906 wazee wetu walinyongwa hapa hapa mjini, na makaburi yao tunayazuru kila mwaka. Wazee wale walikuwa na dhuluma ya kweli juu ya shingo zao, na mimi si mtu wa kuwahukumu kwa kuamini kitu kilichowapa moyo wa kuiondoa. Lakini Wajerumani walipouona waraka wa 1908 walidhani ni maji mengine, wakawasaka walioueneza. Vita haikutokea. Watu walikuwa wametishwa, wakatubu, na hilo la kutubu si baya hata kidogo. Ubaya ni kwamba walitishwa kwa jina la Mtume na mtu ambaye hakuna ajuaye ni nani.

Waraka huo haukuzaliwa Lindi. Nyaraka za namna hiyo zilikuwa zikizunguka Indonesia tangu miaka ya 1880, na Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliandika risala maalumu ya kuukanusha, kwa sababu katika zama zake ulikuwa ungali ukitembea. Nanyi mwadhani umekufa? Mwaka jana kijana mmoja katika wanafunzi wangu hapa Majengo alinijia uso umembadilika, akanionyesha simu yake. Nikasoma. Alikuwa ni Sheikh Ahmad yule yule, na ndoto ile ile, ila safari hii anayetuma kwa watu kumi atapata kheri, na anayeufuta atapatwa na msiba. Nikamwuliza, "Mwanangu, kakuletea nani?" Akajibu, "Umekuja kwenye kundi la WhatsApp, mwalimu." "Na kundi limeletewa na nani?" Akatazama simu, akaigeuza, kana kwamba jina limeandikwa kwa nyuma.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya zama hizi na zile. Waraka wa 1908 ulikuwa na mikono, mtu alikaa na kalamu akaunakili, na jirani akamwona. Wa leo hauna mkono, na wala hapana fundi wa kofia wa kuuliza.

Msidhani kuwa ninachukia simu. Mwezi wa Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kuwa kimbunga Kenneth kinaelekea pwani ya kusini, na khabari ile kwa kheri ya simu ilimfikia hata mvuvi. Wazee waliokuwapo mwaka 1952, tufani ilipopiga pwani ya Lindi na Mtwara, waliisadiki upesi. Kimbunga kikateremka Msumbiji, Cabo Delgado, kikaua watu na kulaza nyumba. Kwetu kikapita mbali, nao vijana kadhaa wakaanza kucheka: "Ule ulikuwa uongo tu." Ajabu ya mambo! Khabari iliyokuwa na mwenyewe, tena mwenye vyombo na elimu, ikaitwa uongo kwa sababu Mwenyezi Mungu ameepusha, na waraka usio na mwenyewe ukasadikiwa kwa sababu unatisha.

Kisha Mei 2024 kikaja Hidaya. Upepo wake ulipungua ulipofika pwani, lakini mvua ilikata barabara kule Somanga, Kilwa, hata mabasi ya Lindi na Mtwara yaliyokuwa yakienda Dar es Salaam yakalazimika kuzungukia Masasi, Tunduru na Songea. Wasafiri kadhaa walilala hapa Majengo. Katika hao alikuwamo bibi mmoja wa Lindi ambaye alitumiwa picha katika simu ya mjukuu wake, bahari imeingia sokoni na watu wanaogelea, na chini imeandikwa "Lindi leo". Alilia usiku kucha. Mke wangu alikaa naye. Karibu na Alfajiri ndipo tulipompata binti yangu kwa simu, naye alikuwa anafagia ua wake mkavu. Picha ile ilikuwa ya nchi nyingine kabisa, majengo yake si yetu wala miti yake si yetu.

Lakini kisa kilichonisukuma kushika kalamu ni kingine, nacho nilikikuta Lindi safari iliyopita.

Yupo mama mmoja mjane, jirani wa binti yangu, aliyekuwa akikaanga samaki jioni kando ya njia. Changu, tasi, pweza akipatikana. Alisomesha watoto watatu kwa karai lile moja. Siku moja ikatoka khabari katika simu za watu kuwa mama wa karibu na msikiti anatia samaki wake dawa ya kuhifadhia maiti. Jina halikutajwa, ila wauza samaki wa karibu na msikiti ni yeye peke yake. Jioni ile alikaanga mpaka Isha na hakuuza hata kipande. Ya pili vile vile. Ya tatu mtu akapita akaziba pua, naye ni mtu aliyekuwa akila kwake kwa mkopo.

Nilipofika ilikuwa wiki ya pili. Imamu wa msikiti, mtu mpole lakini si mwoga, akaketi barazani akaanza kuuliza swali la yule fundi wa kofia, bila ya kumjua. Kakwambia nani? Huyu akamtaja yule, yule akamtaja mkwewe, mkwewe akamtaja kijana wa bodaboda, na wa bodaboda akasema alisikiliza sauti iliyotumwa kutoka mji mwingine, tena haikusema Lindi. "Karibu na msikiti" aliongeza mtu njiani, ili ikolee. Usiku ule imamu akatuma mtoto akanunue samaki wa shilingi elfu kumi kwa yule mama, wakawekwa katikati ya baraza katika sinia, na tukala mbele ya wapita njia. Mimi pia nilikula. Pweza alikuwa laini.

Wateja walirudi, lakini si wote. Mama mwenyewe alinambia aliposhika karai mkono wake ulikuwa ukitetemeka kila mtu anapopita bila kusalimu, akidhani kuna jipya. Baada ya mwezi akaacha samaki. Sasa huuza vitumbua asubuhi, mlangoni kwake, na faida yake haifiki nusu ya ile ya karai. Mtoto wa mwisho amerudishwa kutoka shule ya bweni. Yule aliyeongeza maneno mawili njiani hakujitokeza, na kwa kuwa mji ni mdogo, sina shaka kwamba asubuhi naye hutuma mtoto kununua vitumbua.